Kianzio cha Fundi Ni Mkopo

Mvua zikikatika Umatengoni, wilayani Mbinga, kahawa huiva. Kuanzia Juni familia za Litembo, Maguu, Langiro na Mkumbi huchuma, humenya na kuanika, na malipo ya vyama vya msingi yakianza kufika mikononi, moshi hupanda mabondeni. Ni moshi wa matanuru ya matofali. Kiangazi ndicho kipindi cha kujenga: njia zinapitika, tofali bichi linakauka bila kunyeshewa, saruji haigandi ndani ya mfuko. Mvua hurudi Novemba au Desemba, na boma ambalo halijapauliwa wakati huo litaloa hadi Aprili.

Katika miezi hiyo michache pesa nyingi hutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa fundi kabla jiwe la kwanza la msingi halijawekwa. Mwashi anaomba cha kulisha vibarua, seremala anaomba cha mbao za kenchi, wa alumini anaomba nusu ya bei kabla hajapima dirisha. Wengine huita kianzio, wengine advansi, wengine hela ya kuanzia. Mvua zinaporudi, watendaji wa vijiji na kata kutoka Kigonsera hadi Mbamba Bay huletewa malalamiko ya aina mbili. Mwenye nyumba anasema fundi amekula hela na kuingia mitini. Fundi anasema mwenye nyumba amemsimamisha kazi ikiwa imefika kwenye lenta, na hataki kumlipa kwa alichokwisha kufanya.

Mazungumzo ya vijiweni huyamaliza yote mawili kwa kuhukumu tabia za watu: fundi ni mwongo, tajiri ni mgumu. Waongo wapo na wagumu wapo. Lakini kama tabia ndiyo ingekuwa chanzo, ugomvi usingefuata kalenda ya kahawa na mvua kwa uaminifu namna hii. Chanzo kiko kwenye pesa yenyewe. Kianzio kinachukuliwa kama malipo, kumbe ni mkopo. Mwenye nyumba anamkopesha mtu asiye na mtaji, bila dhamana, bila tarehe ya kurejesha, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kutambua kwamba amekopesha.

Utaratibu wake si mgumu kuufuatilia. Fundi wa kawaida wa Mbinga hana akiba benki wala duka linalomkubalia kuchukua vifaa na kulipa mwisho wa mwezi. Anapokea kianzio cha nyumba ya kwanza, analipa saidia fundi wake, anatuma ada ya mtoto, anakomboa toroli aliloweka rehani. Kazi ikifika katikati, pesa imekwisha na bei waliyopatana ilikuwa ya chini tangu mwanzo, kwa sababu aliitaja ili asiipoteze kazi. Hapo anatafuta nyumba ya pili, na kianzio cha nyumba ya pili kinamalizia ya kwanza. Cha tatu kinamalizia ya pili. Mnyororo huo unashika madhali kazi mpya zinaingia. Siku mvua inapoanza kunyesha, au malipo ya kahawa yanapochelewa, kazi mpya hazipo, na anayeumia ni yule aliyetoa pesa mwisho. Fundi huyo hakupanga kumwibia mtu. Hata hivyo pesa ya watu haipo.

Umatengo unaufahamu mtego wa namna hii kwa upande mwingine. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali ua au ingali kijani shambani, kwa bei ya kutupa, na biashara hiyo huitwa magoma. Viongozi wa wilaya wameikemea miaka nenda miaka rudi, maana anayelipa mapema ndiye anayepanga bei na anayepokea mapema hubaki mtumwa wa deni. Kwenye ujenzi mambo yamegeuka. Anayelipa mapema, yaani mwenye nyumba, ndiye anayebaki ameshikwa, kwa kuwa akimfukuza fundi anapoteza kianzio, na akimvumilia anapoteza msimu. Inashangaza kwamba jamii iliyojifunza kuogopa pesa ya mapema kwenye mbuni haijaiogopa kwenye tofali.

Mahitaji ya mafundi nayo hupanda kwa ghafla. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye vyumba 15,000 vya madarasa nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, vikitakiwa kukamilika ndani ya wiki chache. Mwashi mwenye nyumba mbili za watu mkononi alipoitwa kwenye kazi ya shule yenye malipo ya uhakika, ilikuwa vigumu kukataa. Mapema 2025 bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Pesa ya namna hiyo ikiingia wilaya inayoishi kwa kahawa, wenye kutaka kupaua huwa wengi na mafundi ni walewale.

Barabara imeongeza jambo jingine. Lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia (MCC). Baadaye ikaja ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikishuka kutoka milimani hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wilaya ya Nyasa ilikuwa imeshamegwa kutoka Mbinga, Mbamba Bay ikawa makao makuu, na watumishi wakahitaji nyumba za kupanga. Sasa fundi wa Songea anaweza kuwa na kazi Mbinga, Tingi na Mbamba Bay kwa wakati mmoja, akizunguka kwa bodaboda. Kwa mwenye nyumba hiyo ni neema, kwa kuwa ana mafundi wa kuchagua. Ni hatari pia, kwa kuwa zamani fundi alikuwa mtoto wa fulani, kijana aliyefundwa kwenye karakana za Wabenedikto wa Peramiho, na akiharibu kazi baba yake angeulizwa kanisani. Fundi wa leo anajulikana kwa namba ya simu, na namba hubadilishwa.

Neno lenyewe la pesa hii lina historia inayofaa kukumbukwa. Kiswahili cha zamani kina arabuni, na waumini wa huku wamelisikia kwenye nyaraka za Paulo, pale Roho anapotajwa kuwa arabuni ya urithi. Arabuni ni kitu kinachotolewa kuthibitisha kwamba mtu ana nia ya kweli. Mafakihi wa Kiislamu walilijadili kwa karne nyingi swali la nani anabaki nayo biashara ikivunjika: madhehebu ya Hanbali yaliruhusu muuzaji abaki nayo, ilhali wengi, wakiwamo Mashafii, walio wengi pwani ya Afrika Mashariki, walikataa kwa kuwa ni kula mali ya mtu bila badali. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la Howe v Smith la 1884, iliamua kwamba arabuni hupotea kwa mnunuzi aliyeshindwa kutimiza ahadi. Yote hayo yanahusu pesa ndogo ya kuonyesha nia. Kianzio cha nusu ya bei anachopewa mwashi wa Mbinga ni kitu kingine kabisa, na kukiita arabuni isiyorudi ni kuwapa mafundi haki ambayo sheria haikuwapa.

Sheria ya Tanzania inasemaje? Sheria ya Mikataba, Sura 345, ilitungwa 1961 kuchukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika, na kwa sehemu kubwa iliifuata ileile. Mkataba wa mdomo unakubalika. Maneno yaliyosemwa chini ya mwembe Liuli yanafunga kama yaliyoandikwa, mradi yathibitike. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepata faida chini ya mkataba ambao umekuwa batili airejeshe au aifidie. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko. Sheria mama ya India ilikiwekea kifungu cha 73 mifano ya kukifafanua, na mmoja wao ni kana kwamba uliandikiwa Mbinga: mtu anapatana kukarabati nyumba ya mwenzake kwa namna fulani, analipwa kabla, kisha anakarabati kinyume na makubaliano. Mwenye nyumba anastahili kurudishiwa gharama za kuifanya kazi iwe kama walivyopatana.

Kifungu cha 67 kinasimama upande wa pili. Mwenye kazi asipompa fundi nafasi na mahitaji ya kutimiza ahadi, fundi hana lawama kwa kutotimiza. Hapa napo sheria ya India ilitoa mfano wa ukarabati wa nyumba, ambapo mwenye nyumba anakataa kuonyesha mahali panapotakiwa kutengenezwa. Kwa mazingira ya Nyasa, mfano ungekuwa wa mwenye nyumba aliyeahidi kuleta saruji Jumatatu, ikafika baada ya wiki tatu, wakati vibarua wamekaa bure wakila hela ya kianzio. Kianzio kikiisha kwa njia hiyo, fundi hajala hela ya mtu. Mwenye nyumba ameila mwenyewe kwa kuchelewa.

Tuseme ufundi wa kupandisha boma umepatanwa kwa Sh 2,000,000 na fundi amepewa Sh 1,000,000. Anajenga msingi na kozi nne, kisha hapokei simu. Kazi hiyo ikipimwa inapatikana ya Sh 600,000. Deni la fundi ni Sh 400,000, pamoja na nyongeza ya bei ambayo fundi wa pili ataitoza kumalizia. Si milioni moja, kama mwenye nyumba anavyodai kila anaposimulia. Sasa geuza: fundi alipewa Sh 400,000, akafikisha boma kwenye lenta, kazi ya Sh 1,400,000, ndipo mwenye nyumba akavunja mkataba kwa sababu shemeji yake amemletea fundi wa bei nafuu. Mwenye nyumba anadaiwa Sh 1,000,000. Hesabu zote mbili zinahitaji jambo moja tu, nalo ni kujua kazi ilifika wapi siku walipoachana. Na hilo ndilo karibu hakuna anayeliandika. Fundi wa pili anaingia keshoye, anabomoa kozi mbili akisema zimepinda, na ushahidi unakwenda na kifusi.

Muda nao huwaponza wengi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pale wahusika walipokusudia muda uwe nguzo ya mkataba, kuchelewa kunampa mwenzake haki ya kuuvunja. Kama hawakukusudia hivyo, anabaki na haki ya fidia tu. Watu wa Mbinga hupatana kwa maneno "kabla ya mvua." Kila mmoja anajua maana yake mpaka siku ya kugombana, ambapo fundi atasema mvua zimewahi na mwenye nyumba atasema zimechelewa. Tarehe 31 Oktoba haina ubishi huo. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyeumizwa apunguze hasara kadiri anavyoweza, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuliacha boma linyeshewe kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha amdai fundi thamani ya kuta zote zilizoanguka, ilhali turubai au fundi mwingine angepatikana.

Mkimbilio wa kwanza wa wengi ni kituo cha polisi, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Fundi anawekwa ndani, ndugu zake wanachanga, sehemu ya pesa inapatikana, boma linabaki vilevile. Sheria haikukusudia polisi wawe wakusanya madeni. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, kifungu cha 301, inaeleza udanganyifu kuwa ni kusema uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Fundi aliyesema ana cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na hana, au aliyeonyesha nyumba ya mwenzake akidai aliijenga yeye, anaweza kuingia humo. Aliyesema "nitamaliza mwezi wa tisa" na hakumaliza, ametoa ahadi ya mbele iliyovunjika. Huyo ni wa madai.

Kuna tofauti moja ambayo kila mwenye kujenga angepaswa kuijua kama anavyojua bei ya mfuko wa saruji. Pesa ya ufundi na pesa ya vifaa hazifanani mbele ya sheria. Pesa ya ufundi ikishatolewa ni ya fundi, naye anabaki na deni la kazi. Pesa aliyokabidhiwa akanunue mabati 40 ni ya mwenye nyumba hadi mabati yafike, na akiitumia kwa mengine, kifungu cha 273 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu mali iliyokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu, kinaweza kumgusa. Ndiyo maana kuchanganya pesa hizo mbili kwenye muamala mmoja wa simu, Sh 3,000,000 bila neno lolote la maelezo, ni kosa kubwa kuliko kosa la kumwamini fundi asiyejulikana. Mwenye nyumba amefuta kwa mkono wake alama iliyokuwa imlinde.

Wenye kujenga kutoka mbali huongeza mtu wa tatu. Kijana wa Mbinga anayefanya kazi Dar es Salaam au Dodoma anamtumia kaka yake pesa za kumjengea mama yao, kaka anampa fundi pungufu, fundi anafanya kazi ya pungufu, na picha zinazotumwa WhatsApp zinaonyesha ukuta wa mbele tu. Likizo ya Desemba inapofika, fundi ndiye anayesimamishwa mbele ya ukoo. Mara nyingi hathubutu kusema alichopokea, kwa kuwa kaka ndiye aliyempa kazi na ndiye atakayempa nyingine. Dawa yake haina siri: anayelipa amtumie fundi moja kwa moja kwa simu, na kaka abaki msimamizi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi, na ujumbe wa muamala unabeba jina, kiasi, tarehe na saa.

Mahakama inayofaa ipo karibu. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi Sh milioni 30, kiwango kinachotosha karibu kila ugomvi wa fundi wilayani Mbinga na Nyasa. Lugha yake ni Kiswahili tangu zamani, na kwa madai ya kawaida mtu hahitaji wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imeendelea kulipeleka jambo hilo mikoani. Kinachowakatisha watu tamaa ni kinachofuata baada ya hukumu. Fundi asiye na mali analipaje? Sheria inavilinda vifaa vya kazi vya fundi visikamatwe, na ni sawa kabisa, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa mwiko na pimamaji hatalipa deni hata moja. Kinachobaki ni kulipa kwa awamu au kwa kazi. Hukumu nzuri kuliko zote katika kesi hizi huwa ni ile inayomrudisha fundi kwenye boma, chini ya macho ya mtu mwingine, akamalizie anachodaiwa.

Kenya ilianzisha Mahakama za Madai Madogo kwa sheria ya 2016, zikaanza kusikiliza mashauri Nairobi 2021 kwa madai hadi Sh milioni 1 za nchi hiyo, na shauri linatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Kasi hiyo ndiyo hasa inayohitajika kwa ugomvi unaofukuzana na mvua. Wengine wameamua kukinga badala ya kutibu. Jimbo la California nchini Marekani linamkataza mkandarasi wa ukarabati wa nyumba kupokea kianzio kinachozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo.

Kuinakili kanuni ya California Mbinga kesho asubuhi kungewaumiza mafundi wema. Mwashi wa hapa hana duka la kumkopesha, na asilimia 10 haitoshi kuwalisha vibarua wanne wiki mbili. Usajili nao haujamfikia. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyo chini ya sheria ya 1997, ina madaraja yake saba na ina meno kwa waliosajiliwa, ila fundi anayejenga nyumba ya vyumba vitatu Kihagara kwa kawaida hayumo kwenye daftari hilo, na malalamiko dhidi yake hayana pa kushika. VETA inao mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, na cheti hicho kina thamani ya kuulizwa kabla ya kupatana.

Jibu la karibu zaidi limekuwa likijengwa mbele ya macho ya kila mtu. Shule na zahanati nyingi za miaka ya karibuni zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti. Kamati ya kijiji au ya shule hununua vifaa yenyewe, kamati nyingine huvipokea na kuvihesabu, fundi hupewa mkataba wa ufundi peke yake, na hulipwa kwa hatua: msingi na jamvi, boma hadi lenta, kupaua, plasta. Utaratibu huo una kasoro zake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameziandika mara kwa mara. Lakini mgawanyo wa pesa ya vifaa na ya ufundi unaondoa sehemu kubwa ya majaribu. Mwanakijiji aliyekaa kwenye kamati ya ujenzi wa darasa, akahesabu mifuko ya saruji kwa uangalifu, hurudi nyumbani na kumkabidhi fundi pesa zake zote kwa siku moja. Hakuna sababu ya msingi ya kuifanya nyumba yako kwa uangalifu mdogo kuliko darasa la serikali.

Kianzio kidogo kinaweza kubaki: hela ya chakula na nauli ya wiki ya kwanza, iandikwe kuwa imekatwa kwenye hatua ya kwanza. Kinachokuja kwa vipimo maalumu ni suala tofauti. Dirisha la alumini lililokatwa kwa tundu la nyumba ya Mbamba Bay halifai nyumba ya Lituhi, na fundi aliyelikata anastahili kulindwa mwenye nyumba akibadili mawazo. Hata sheria za Uingereza za 2013, zinazompa mteja siku 14 za kuvunja mkataba alioingia nje ya duka, haziruhusu kurudisha kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyake. Kwa kazi hizo kianzio kikubwa ni haki, mradi kitolewe baada ya kupima, na vipimo viandikwe kwenye stakabadhi.

Kinachokosekana ni mtu wa kupima siku ya kuachana. Wamatengo walikuwa na kitu cha namna hiyo. Ukoo uliokaa kwenye ntambo moja, yaani mgongo mmoja wa mlima na mashamba yake ya ngoro, ulikula pamoja kwa mzee wake, na hapo penye chakula magomvi yalisikilizwa. Hiyo iliitwa sengu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliofanya kazi Mbinga walilipa wazo hilo uhai mpya, na kijijini Kindimba kamati iliyoundwa kusimamia mradi wa kinu cha maji ikachukua jina hilo. Nguvu ya sengu ilikuwa kwamba ugomvi ulisikilizwa ungali mbichi, na watu waliouona ukuta wenyewe.

Serikali ya kijiji inaweza kuifanya kazi hiyo bila sheria mpya. Mwenye nyumba na fundi wakishindwana, mjumbe mmoja na fundi mwingine asiye na maslahi waende kwenye boma siku hiyohiyo, wahesabu kozi, wapige picha, waandike kazi imefika wapi na ina thamani gani, wote wanne watie saini. Karatasi hiyo ikifika Mahakama ya Mwanzo, hakimu ana pa kuanzia. Isipofika, mara nyingi ni kwa sababu wahusika wameshalipana.

Na kwa wale ambao mapagala yao tayari yameota nyasi, mlango haujafungwa. Sheria ya Ukomo, Sura 89, inampa mtu miaka 6 kufungua shauri la mkataba, kuanzia siku mkataba ulipovunjwa. Tafuta ujumbe wa muamala kwenye simu, uchapishe, mwite fundi wa pili apime kilichopo kabla ya mvua nyingine, kisha nenda mahakamani.